Hapana, hatukuruka kutoka risasi hadi Macintosh

Juzi tena. Kijana msanifu wa kurasa, kazi yake safi tu, kaniambia: "Mzee, zamani si mlikuwa mnapanga herufi za madini ya risasi, ndipo kompyuta ya Macintosh ikaja ikaziharibu?" Sijui ni mara ya ngapi nasikia hili. Miaka 30 ya watu inarukwa kama dimbwi la maji barabarani.

Kati ya risasi na Macintosh tulipanga herufi kwa mwanga. Na tafadhali, mtambo haukuwa ukipiga picha ukurasa mzima. Hiyo ni kazi ya kamera ya kutengenezea pleti, bamba la kuchapia. Mtambo ulipiga herufi moja moja. Kioo cha duara chenye herufi kinazunguka bila kusimama, taa inamulika kufumba na kufumbua pale herufi unayoitaka inapopita mbele ya lenzi, na umbo lake linatua kwenye karatasi ya picha ndani ya kaseti. Kisha chumba cha giza, unaisafisha karatasi kwa dawa, unakausha, unapaka nta, unabandika kwenye ukurasa.

Kioo hicho ni akili ya Wafaransa wawili, René Higonnet na Louis Moyroud, mainjinia wa mambo ya simu. Miaka ya 1940 Higonnet alitembelea kiwanda cha ofseti, uchapaji wa pleti zinazotokana na picha, akakuta watu wanapanga risasi, wanatoa prufu (nakala ya kwanza) moja safi, wanaipiga picha, basi, risasi yote inarudi kuyeyushwa. Akaona huu ni wehu. Mtambo wao, Lumitype, Marekani ukaitwa Photon, na mwaka 1953 kikatoka kitabu chake cha kwanza, cha habari za wadudu. New York Times waling'ang'ania risasi hadi Julai 1978. Historia imetosha.

Linalonikera ni hilo neno "ikaziharibu". Herufi ya risasi ya pointi 6 (pointi ndicho kipimo cha ukubwa wa herufi) haikuwa ya pointi 12 iliyopunguzwa. Kila saizi ilichongwa peke yake: ndogo ilinenepeshwa, ikapanuliwa, ikaachiwa nafasi ya kupumua, jicho lisihangaike. Kwetu kioo kilekile kilitumika kwa saizi zote. Lenzi ndiyo ilikuza na kupunguza. Wapo waliotengeneza seti mbili tatu kwa saizi mbalimbali, lakini nani alikuwa na pesa ya kununua zote? Tanbihi za pointi 6 zikatoka nyembamba kama nywele za kichanga. Uharibifu huo tuliufanya sisi. Macintosh ya 1984 iliurithi. Donald Knuth, mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, mwaka 1977 aliletewa prufu za toleo jipya la kitabu chake zilizopangwa kwa picha. Zilimchukiza hata akaacha mengine akaanza kutunga TeX, programu ya kupanga herufi kwa kompyuta.

Ila nikiri jambo. Siku herufi zilipotoka nyembamba, sikuweza kuapa kama mkosaji ni lenzi au dawa iliyochoka. Tulibadilisha dawa, zikanona kidogo, na bado tukailaumu lenzi. Bosi alikuwa akipima dawa kwa jicho ili ifike Ijumaa. Huenda nusu ya ubaya ninaousimulia hapa ulitoka kwenye lile beseni.

Halafu kuna ng'. Ritifaa, kile kialama cha juu baada ya ng, ilipewa upana na watu wasiowahi kuandika "ng'ombe", kwa hiyo kwenye vichwa vikubwa vya habari neno lilikatika: ng', pengo, ombe. Dawa yake kiwembe: unakata, unaisogeza "ombe" hadi ishikane na mwenzake, unakandamiza. Usiku mmoja, habari ya wizi wa mifugo, nikakata sawasawa, nikabandika, ukurasa ukaenda kupigwa pleti. Asubuhi nyumbani navua kandambili, naona kitu cheusi kimenata kwenye soli kwa nta. Ritifaa ya pointi 48. Mtaani gazeti lilishaanza kuuzwa: "Ngombe watano waibwa".