systemctl: start sio enable, na ile kijani isikudanganye

Linux nyingi za seva zinatumia systemd siku hizi, programu inayowasha na kusimamia huduma (programu zinazokimbia nyuma ya pazia), Debian 8 na Ubuntu 15.04 zilihamia huko tangu 2015, lakini bado kuna mambo watu wanaambizana kuhusu systemctl, amri ya kuiongoza hiyo systemd, ambayo sio kweli.

La kwanza ndo linaumiza wengi. Umeandika huduma yako, tuiite duka, unapiga sudo systemctl start duka, tovuti inafunguka, unaona kazi imeisha. Kumbe start inawasha kwa sasa hivi tu, umeme ukikatika usiku mashine ikirudi duka halirudi nayo na asubuhi wateja wanaanza kupiga simu. Inayoamua huduma iwake kila mashine ikiwaka ni enable, na yenyewe inaweka tu njia ya mkato, mara nyingi ndani ya /etc/systemd/system/multi-user.target.wants, haiwashi kitu. Unataka vyote kwa mpigo? enable --now. Wengi wanapotea hapa kwa sababu ukiinstoli nginx (seva ya tovuti) kwa apt, kisakinishi cha Debian na Ubuntu, inakuja imeshawekewa enable, wanadhani zote ziko hivyo.

Disable nayo haizimi, inaondoa ile njia ya mkato tu, programu inaendelea kukimbia mpaka uipige stop. Na hata stop kuna wakati haitoshi: jaribu sudo systemctl stop cups, ile ya printa, inakuonya kabisa kwamba cups.socket, inayosikiliza maombi kwa niaba yake, bado inaweza kuiamsha, ukituma kitu cha kuprinti unaikuta imerudi, watu wanasema ni kirusi. Sio kirusi jamani, imeundwa hivyo. Usipotaka iamke kabisa piga mask, inaielekeza kwenye /dev/null (shimo tupu) na hata start ya mkono inakataliwa.

Sasa ile active (running) ya kijani unayoiona ukipiga systemctl status. Kwa Type=simple, aina ya kawaida ya huduma, systemd inahesabu huduma imewaka mara tu prosesi inapoanzishwa, haijui kama programu yako imeifikia databesi au inagonga ukuta huko ndani. Ipige curl (amri ya kuomba ukurasa) mwenyewe uone inajibu nini, halafu soma logi zake tangu mashine iwake kwa journalctl -u duka -b. Na active (exited) sio kosa, ufw (firewall) inakaa hivyo siku zote, inapanga sheria zake inatoka.

daemon-reload inaogopwa bure. Hairestati huduma zako, inasoma upya mafaili ya unit (yenye maelekezo ya kila huduma) tu, ila ukihariri faili ukasahau kuipiga, restart itafuata maelekezo ya zamani.

Na usihariri mafaili ya /usr/lib/systemd/system, apdeti ya paketi ikija inafuta kila ulichoandika. Tumia sudo systemctl edit nginx, unaandika mistari unayobadilisha tu, inakaa kwenye override.conf yake na ukisevu inasomwa yenyewe. Kama unachobadilisha ni ExecStart, mstari unaotaja amri ya kuwasha huduma, tanguliza mstari wa ExecStart= mtupu halafu ndo uandike mpya chini yake, bila hivyo systemd inaona ziko mbili na inagoma kuwasha.