Fotogrametria: ramani inayotoka kwenye picha

Nyoosha mkono, usimamishe kidole gumba mbele ya uso. Fumba jicho la kushoto, tazama, kisha badili ufumbe la kulia. Kidole kimeruka! Kilikuwa mbele ya dirisha, sasa kiko mbele ya ukuta. Kilete karibu na pua ujaribu tena, utaona kinaruka zaidi. Kitu cha karibu huhama sana, cha mbali huhama kidogo, na ukijua nafasi iliyopo kati ya macho yako, kiasi cha kuhama huko kinakupa umbali wa kitu chenyewe.

Fotogrametria imejengwa juu ya jambo hilo. Ni ufundi wa kupima ardhi, jengo au mlima kwa picha zilizopigwa kutoka mahali pawili au zaidi.

Tuseme unataka kujua mnara ulio ng'ambo ya mto uko umbali gani. Unasimamisha kamera ukingoni na kuielekeza ili mnara uangukie katikati kabisa ya picha. Kisha unapima mita 100 kwenda kulia, kwa mstari unaokata mwelekeo wa kamera kwa pembemraba, unapiga picha ya pili kamera ikitazama upande uleule. Safari hii mnara umehamia kushoto kwa sentimita 3. Ikiwa ndani ya kamera kutoka lenzi hadi kioo cha picha ni sentimita 30, ambazo ni mara 10 ya zile 3, basi mnara uko mara 10 ya zile mita 100, yaani kilomita moja. Hukuvuka mto. Na picha hizo mbili zimebeba pia kila mti na kila paa lililoonekana, navyo vyote unaweza kuvipima mezani hata mwaka ujao.

Mtu wa kwanza kuufanya ufundi huu ukawa kazi kamili alikuwa mwanajeshi, na sioni ajabu. Aimé Laussedat alizaliwa mwaka 1819 huko Moulins, Ufaransa, akasoma École polytechnique, chuo cha uhandisi, akaingia kikosi cha wahandisi wa jeshi: watu wa kujenga ngome, kuvusha askari mitoni na kuchora ramani. Alipelekwa pia kwenye milima ya Pyrénées, mpakani na Uhispania. Milimani mpima ardhi anapanda siku nzima, na mawingu yakishuka anarudi mikono mitupu. Vitani ni vibaya zaidi, maana adui hakusubiri umalize kusoma pembe zako.

Mwanzoni, karibu na mwaka 1850, hakutumia hata kamera. Alitumia kifaa cha wachoraji, kipande cha kioo kinachomwezesha mtu kuiona mandhari kana kwamba imelala juu ya karatasi, akaifuatisha kwa penseli. Baadaye akaleta lenzi, na mwaka 1861 akachora kwa picha ramani ya kijiji cha Buc, karibu na Versailles. Mwenyewe aliuita ufundi huo metrofotografia. Jina tunalotumia leo lilitoka kwa Mjerumani Albrecht Meydenbauer, msanifu majengo aliyeponea chupuchupu kuanguka mwaka 1858 alipokuwa akipima kanisa kuu la Wetzlar, akaanza kujiuliza kama picha haiwezi kupanda badala yake.

Baada ya vita vya 1870 na 1871 Ufaransa ilipoteza ardhi, na Laussedat alikuwa miongoni mwa waliokaa na Wajerumani kuuchora mpaka mpya. Kazi chungu kwa mtu aliyejenga ngome za nchi hiyohiyo.

Sehemu ya maisha yake ninayoipenda zaidi ilikuja mwaka 1881, alipokuwa mkurugenzi wa Conservatoire des arts et métiers, Paris. Taasisi hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1794 na baadaye kuwekwa ndani ya majengo ya watawa wa zamani, ilikuwa na hazina ya mashine na vipimo, na tangu 1819, mwaka uleule aliozaliwa yeye, ilikuwa ikitoa masomo ya sayansi na ufundi kwa umma bila ada. Fundi aliyetoka kiwandani angeweza kukaa akamsikiliza profesa. Laussedat mwenyewe alikuwa amefundisha hapo jiometri kabla ya kuiongoza.

Leo ndege zisizo na rubani zimepita juu ya Unguja na Pemba zikipiga maelfu ya picha zinazopishana, na kompyuta ikatafuta jiwe lilelile katika kila picha ili mistari ya kutoka kila kamera hadi jiwe hilo ikutane. Laussedat alifanya hivyo kwa rula na penseli, nukta moja baada ya nyingine.

Aliacha ukurugenzi mwaka 1900, akiwa amefikisha miaka 80 na ushei. Bado alikuwa akiandika kitabu chake kikubwa juu ya vyombo na njia za kuchora ramani, na sehemu ya pili ya juzuu la pili ikatoka mwaka 1903, miaka minne kabla hajafariki.