Poda za amino asidi na dipresheni ya stresi: maswali na majibu

Swali: Kuna mtu anauza poda ya glutamini, moja ya amino asidi (vijenzi vya protini), hapa Kampala, anasema inatibu dipresheni inayoletwa na stresi. Kweli?

Jibu: Habari yenyewe ina mzizi, maana watafiti wa Korea Kusini waliwatia panya stresi ya muda mrefu wakakuta glutamini imepungua kwenye ubongo, walipowaongezea kwenye chakula wakaonekana nafuu. Lakini jamani hao ni panya, na panya hana deni la SACCO wala school fees za watoto watatu. Kwa binadamu bado hakuna ushahidi wa kutosha wa kuiita dawa, huyo muuzaji ameruka hatua nyingi sana.

Swali: Na triptofani, amino asidi nyingine, au 5-HTP inayotokana nayo je?

Jibu: Mwili unaitumia kutengeneza serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, ndio maana watu wanaikimbilia, ila kumjazia mpishi unga haina maana atapika posho (ugali) nyingi zaidi. Shida kubwa ni kuchanganya, kama tayari unameza dawa za dipresheni kama fluoxetine au amitriptyline halafu unaongeza hizi, serotonini inaweza kupanda kupita kiasi: unatetemeka, jasho, moyo mbio, homa, akili inavurugika, na mtu anaweza kufa. Tena mwaka 1989 kule Marekani sapulimenti za triptofani ziliwafanya watu zaidi ya 1,500 waugue, na lawama kubwa ilienda kwa uchafu wa kiwandani. Kwa hiyo usiniambie "ni ya asili haina madhara".

Swali: Si nile vizuri tu?

Jibu: Kula, ndiyo. Posho peke yake ina amino asidi za lisini na triptofani kidogo, ila ukiweka maharage, mukene (dagaa) au mayai inakamilika. Chakula kinakupa nguvu, dipresheni yenyewe hakiiponyi.

Swali: Sasa kinachosaidia ni nini?

Jibu: Hapa Uganda kwetu tuna jibu zuri na wengi hawalijui. Rakai na Masaka watu wenye dipresheni walikaa kwenye vikundi vya maongezi kila wiki kwa wiki 16, wanazungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha, na matokeo yaliyotoka 2003 yalionyesha dipresheni imeshuka sana kuliko vijiji ambavyo havikuwa na vikundi. Bila kidonge! Dawa za daktari nazo zinasaidia wengi, usiziache ghafla kwa ajili ya poda. Ukianza kuwaza kujiua nenda leo, hospitali iliyo karibu au Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili hapa Kampala.

Swali: Nina shida ya ini, naweza kujaribu glutamini kidogo?

Jibu: Hapana, inaongeza amonia mwilini na ini bovu linashindwa kuitoa. Mwenye mimba au shida ya figo pia asiguse kabla hajaongea na daktari.