Ptolemaios mwana wa Thraseas: liwali aliyemwomba mfalme amkinge na askari

Ukitaka kujua liwali wa enzi za wafalme waliorithi dola ya Aleksanda alikuwa na nguvu kiasi gani, usianzie vitani. Anzia kwenye jiwe lililopatikana mwaka 1960 Hefzibah, karibu na Beth Shean, kaskazini mwa Israeli. Limechongwa barua za Antiochus III, mfalme wa dola ya Waseleukia, na maofisa wake, za kuanzia takriban 201 hadi 195 KK, kumhusu Ptolemaios mwana wa Thraseas, strategosi (liwali mwenye jeshi) na kuhani mkuu wa Syria na Foinike.

Jina lisikuchanganye: wafalme wa Misri nao waliitwa Ptolemaios, lakini yeye hakuwa wa ukoo wao. Kwao ni Aspendos, mji wa kusini mwa Uturuki ya leo. Babu yake Aetos aliitawala Kilikia, pwani ya kusini ya Uturuki ya leo, kwa niaba ya Ptolemaios II wa Misri, akaanzisha mji wa Arsinoe juu ya ardhi ya mji wa Nagidos. Thraseas naye alipopewa Kilikia, ikambidi asuluhishe ugomvi wa mashamba ulioachwa na baba yake. Mjukuu alikuwa mmoja wa makamanda wawili wa falanksi (kikosi cha askari wa mikuki waliosimama safu kwa safu) ya watu 25,000 ambayo Misri iliiandaa kumkabili huyuhuyu Antiochus, aliyeshindwa katika vita vya Raphia, karibu na Gaza, mwaka 217 KK. Baadaye akahamia upande wa Antiochus. Mfalme alipoiteka Syria na Foinike kutoka kwa Misri baada ya ushindi katika vita vya Panion, takriban 200 KK, alikuwa tayari na mtu aliyezijua njia za utawala wa zamani, na naamini hiyo ndiyo thamani yake kubwa.

Lakini soma maombi yake. Ptolemaios ana vijiji vya aina tatu: vya mali yake mwenyewe, vya kutumia kwa urithi, na alivyoongezewa kwa amri ya mfalme. Askari wapitao wanajilaza humo, wanachukua mali, wanawatoa wakulima majumbani mwao. Liwali mzima analeta ombi la maandishi, kisha mfalme anaandika kwa maofisa wake, nao wanapeleka nakala ngazi kwa ngazi. Mvunja amri atalipa mara kumi ya hasara. Barua zichongwe kwenye mawe na kusimamishwa vijijini, maana amri iliyobaki ofisini haimzuii askari mlangoni.

Mashauri nayo yanagawanywa. Wakulima wake wakigombana wao kwa wao, mawakala wake wanaamua. Wakigombana na watu wa vijiji vingine, kesi inakwenda kwa mhasibu wa mfalme na msimamizi wa eneo. Mauaji na makosa mazito yanaletwa kwa strategosi, yaani kwake mwenyewe. Hapo cheo na shamba vinakutana mikononi mwa mtu mmoja, na kwangu hilo lina uzito kuliko falanksi yoyote.

Josephus, mwanahistoria Myahudi wa karne ya kwanza BK, amehifadhi barua ya Antiochus kwa Ptolemaios, na wataalamu wengi wanamtambua kuwa ndiye huyu. Inaagiza hekalu la Yerusalemu lipewe drakma 20,000 za fedha kwa dhabihu, medimno (kipimo cha Kigiriki cha nafaka) 1,460 za ngano na 375 za chumvi, na wakazi wasamehewe kodi miaka 3. Liwali ndiye aliyepaswa kulitekeleza. Kufikia 178 KK, Seleucus IV, mwana wa Antiochus aliyemrithi, alikuwa amempa ofisa aitwaye Olympiodoros usimamizi wa mahekalu ya jimbo hilo, na barua ya uteuzi ikapitia kwa Heliodoros, mkuu wa shughuli za mfalme.