Mtoe kijana nje, hata kama anaenda kukaa tu

Wazazi wanaoniletea watoto kupimwa macho huja na mshtakiwa mmoja: simu. Kijana kaiinamia kutwa, sasa haoni ubaoni. Sikatai, kazi ya karibu ya saa nyingi ina lawama zake. Ila mimi huuliza kwanza: huyu kwa siku anakaa nje muda gani? Mzazi na mtoto hutazamana.

Shida yenyewe tunaiita mayopia. Vya karibu anaviona vizuri, vya mbali vina ukungu. Mkalishe mbele ya chati ya herufi utamwona anakunja macho, shingo inasogea mbele, na akifika mistari ya chini anaanza kubahatisha: hiyo F, hapana, P. Mara nyingi kilichotokea ni kwamba jicho limerefuka kupita kiasi. Tunazaliwa na jicho la takriban milimita 17 kutoka mbele hadi nyuma, na ukubwani linafika 23 au 24. Likizidi milimita 1 tu, picha inajikusanya mbele ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha) badala ya kutua juu yake, na kijana anahitaji lenzi ya karibu dayopta 2.5 hadi 3, dayopta ikiwa ni kipimo cha nguvu ya lenzi. Likisharefuka halirudi.

Nje inaingiaje hapo? Kwa mwanga. Chumba ambacho sote tungesema kina mwanga wa kutosha huwa na laksi (kipimo cha mwanga) 300 hadi 500. Nje, siku yenye mawingu mepesi, unapata 10,000 na zaidi, na jua la mchana linaweza kufika 100,000. Tofauti hiyo hatuihisi kwa sababu mboni inajibana na ubongo unazoea haraka, ndiyo maana mtu aliyekaa karibu na dirisha hudhani keshapata sehemu yake. Retina haidanganyiki. Mwanga mwingi unaifanya itoe zaidi dopamini, kemikali ya mwili inayopeleka ujumbe, na majaribio kwa wanyama yanaonyesha kwamba dopamini hiyo hulizuia jicho lisirefuke ovyo.

Guangzhou, China, watafiti walichukua shule 12, nusu yake wakawaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka 3, waliopata mayopia walikuwa asilimia 30.4, na katika shule zisizoongezewa asilimia 39.5. Matokeo yalichapishwa 2015. Dakika 40, bila dawa wala kifaa! Taiwan nayo tangu 2010 inahimiza shule zifikishe dakika 120 kwa siku, na idadi ya wanafunzi wasioona mbali, iliyokuwa ikipanda miaka yote, ikaanza kushuka.

Jambo ninalolipenda zaidi limetoka katika utafiti wa Sydney, Australia, 2008: michezo ya ndani ya ukumbi haikuonekana kuleta kinga hiyo. Kumbe jicho halijali kama umetoka jasho. (Moyo na mifupa vinajali, hilo ni somo jingine.) Kwa hiyo kijana asiyependa mpira hajaachwa nyuma, na hapa ndipo sisi wakubwa tunapokosea. "Toka nje ukacheze" kwa mtu wa miaka 14 inasikika kama kufukuzwa. Usimbadilishie anachokipenda, kihamishe. Kusuka nywele, kurekebisha baiskeli, kusoma riwaya, kupiga soga na wenzake, yote yanafanyika chini ya mti. Kivuli bado kina maelfu ya laksi na kofia haiondoi faida. Hata simu aende nayo: juani kioo hakisomeki vizuri, ataiweka mwenyewe.

Kipimo cha mionzi ya jua (UV index) kikifika 3 na kuendelea, kivuli, kofia na mafuta ya kukinga ngozi ni lazima, na kwa mwenye ualbino uangalifu uongezeke mara nyingi zaidi. Jua lenyewe halitazamwi kamwe.

Wala nisiwauzie muujiza. Aliyekwisha kuvaa miwani hataivua kwa kukaa bustanini. Nguvu kubwa ya mwanga ni kuchelewesha tatizo lisianze, hasa miaka ya shule ya msingi. Kuchelewa huko si kidogo, kwani anayeanza mapema ndiye hufikia lenzi nzito. Kwa wakubwa kidogo kuna faida ya usingizi: wakati wa kubalehe saa ya mwili huchelewa, kijana anakesha na asubuhi haamki, na mwanga wa nje wa asubuhi huiwahisha.

Mkiniuliza pa kuanzia, nitasema mapumziko ya shule. Madarasa yafungwe, watoto wote watoke. Na mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi kwa kumbakiza darasani wenzake wakiwa nje, atafute adhabu nyingine.