Je, wajua kwa nini kiatu cha hoki ya barafuni huwa na namba ndogo kuliko kiatu cha shule?

Mzazi anayekwenda kumnunulia mtoto kiatu cha shule huwa na hesabu moja kichwani: chukua kinachozidi kidogo, mtoto anakua, atakijaza. Mbele panabaki nafasi ya dole gumba, soksi nzito inaziba pengo, na mwaka unakwisha kiatu bado kinavalika. Kwa kiatu cha kutembelea, hesabu hiyo haina ubaya mkubwa. Lakini mzazi huyohuyo akienda nayo kununua kiatu cha hoki ya barafuni, kile chenye chuma chembamba chini yake, anarudi na kitu kitakachomtoa mtoto malengelenge, kimchoshe kabla ya wenzake, na pengine kimfanye aamini kwamba hauwezi mchezo wenyewe.

Kiatu cha barafuni kinachomkaa mtoto sawasawa huwa na namba pungufu, mara nyingi namba moja hadi moja na nusu chini ya ile ya kiatu chake cha kawaida, kwa hesabu ya namba za Kimarekani. Anayevaa namba 4 darasani huishia kwenye 3 au 2 na nusu. Sababu ya kwanza ni ya viwandani tu: watengenezaji wa viatu hivi wana vipimo vyao, na namba zao haziendi sambamba na za viatu vya mtaani. Sababu ya pili iko kwenye mguu wenyewe. Tunapotembea, soli inakunjika, mguu unasogea mbele kwa kila hatua, na vidole vinahitaji mahali pa kwenda. Kwenye barafu soli haikunjiki. Mguu umelala juu ya kitu kigumu, hausogei mbele wala nyuma, na nafasi ile ya ziada inabaki tupu bila kazi yoyote.

Ingekuwa tupu tu, tungesema si neno. Tatizo ni kile chuma.

Chuma cha kiatu cha hoki kina unene wa milimita 3 hivi. Kinaponolewa, jiwe la kunolea huchimba mfereji mwembamba katikati yake kwa urefu wote, na pembeni yanabaki makali mawili, la ndani na la nje. Mchezaji hasimami juu ya ubapa wa chuma, anasimama juu ya makali hayo. Akitaka kukata kona, anainamisha mguu upande mmoja, kiatu kinainama nao, kali moja linauma barafu na mwili unageuka. Kila kitu kinategemea mguu na kiatu viiname kwa pamoja. Kiatu kikilegea, mguu unainama kwanza ndani ya kiatu, unagusa ukuta, ndipo kiatu kinapoanza kufuata, na mtoto keshapoteza muda na nguvu. Ni kama kulima kwa jembe lililolegea mpini: unainua, unashusha, lakini ncha inaangukia pengine.

Ukitaka kuona jambo hili, simama kando ya uwanja wa barafu siku ya watoto wanaoanza. Utamwona mmoja ambaye vifundo vyake vimeangukia ndani, magoti yanakaribia kugusana, na anatembea juu ya ubavu wa kiatu badala ya chuma. Wazazi husema, "Mwanangu ana vifundo dhaifu." Maneno hayo yananiuma kila ninapoyasikia, kwa sababu mara nyingi si kweli, na mtoto anayasikia na kuyabeba. Mwambie asimame sebuleni kwa mguu mmoja, bila viatu. Kifundo kikisimama wima pale, basi kasoro haiko kwenye kifundo. Kilichomwangusha ni kiatu kikubwa, au kilichochakaa hadi kuta zake zikalainika, au kamba zilizofungwa ovyo.

Sasa, mtoto anakua, na hilo hatulikatai. Swali ni nafasi kiasi gani aachiwe. Katika namba hizo za Kimarekani, kama ilivyo kwa za Kiingereza, namba moja nzima ni theluthi moja ya inchi, yaani karibu milimita 8.5. Nusu namba ni milimita 4 na kidogo. Mguu wa mtoto wa umri wa shule ya msingi hurefuka kwa wastani karibu sentimita moja kwa mwaka, wengine pungufu ya hapo. Maana yake nusu namba humchukua miezi mitano hivi, na huo ndio karibu msimu mmoja wa hoki. Ndiyo maana wauzaji wanaojua kazi yao hukubali kumwachia mtoto nusu namba ya kukulia, na wakakataa zaidi ya hapo. Namba nzima ya ziada inamfanya mtoto acheze msimu wote na kiatu kisichomtosha ili kije kumtosha msimu utakapokwisha.

Kupima kwenyewe kuna utaratibu, na ndipo penye kazi ya kweli. Nenda alasiri, maana miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Mchukulie mtoto soksi moja nyembamba, ileile atakayochezea. Soksi mbili zinadanganya kipimo. Pima miguu yote miwili, kwa sababu ni nadra ilingane, na kiatu huchaguliwa kwa kufuata ule mrefu. Usitegemee dole gumba peke yake: baadhi ya watoto kidole chao cha pili ndicho kinachotangulia.

Kabla hajavaa, toa soli ya ndani, iweke sakafuni, mtoto asimame juu yake kisigino kikilingana na ukingo wa nyuma. Hapo unaona kwa macho yako nafasi iliyobaki mbele ya kidole kirefu. Isizidi nusu sentimita hivi. Unaona pia kama nyama ya mguu inamwagika pembeni ya soli, dalili kwamba kiatu ni chembamba.

Halafu avae. Legeza kamba mpaka chini kabisa, vuta ulimi wa kiatu mbele, mguu uingie bila kulazimishwa. Bila kufunga kamba, mwambie asukume mguu mbele mpaka vidole viguse ukuta, kisha ingiza kidole chako nyuma ya kisigino. Kikiingia kwa kubanwa, vizuri. Kikiingia na kucheza, kiatu ni kikubwa. Vikiingia viwili, kirudishe kwenye rafu hata kama ni cha bei nzuri na mtoto amekipenda rangi.

Baada ya hapo apige kisigino sakafuni mara mbili tatu, kwa sehemu ya nyuma ya chuma iliyofunikwa kinga yake, ili mguu urudi nyuma na kisigino kizame kwenye kishimo chake. Funga kamba. Akisimama wima, vidole viguse kwa mbali tu ncha ya mbele, kama vile vinaipapasa. Akikunja magoti, kama mchezaji anavyosimama, vidole vitaachana na ile ncha. Hapa ndipo wengi wanapokosea: mtoto anasimama wima, anasema "vidole vinagusa," na mzazi anakimbilia namba kubwa. Mwache akunje magoti kwanza ndipo umuulize. Vikiwa bado vimekunjwa, hapo kweli ni kidogo.

Sehemu inayostahili macho yako kuliko zote ni kisigino. Mwambie ajaribu kukiinua ndani ya kiatu kilichofungwa. Kikipanda, hakuna kufunga kamba kutakakokiponya kiatu hicho. Vidole vikikosea kidogo mtoto atavumilia wiki chache, lakini kisigino kinachopanda na kushuka kinavua ngozi siku ya kwanza, na ndicho kinacholegeza kifundo.

Urefu ukishapatikana, bado kuna upana na kina, na hapo namba haikusaidii. Miguu miwili ya urefu mmoja inaweza kuwa na maumbo tofauti kabisa, mmoja umelala kama ubao, mwingine umepanda juu kama mkate ulioumuka. Kampuni ya Bauer hugawa viatu vyake vya wachezaji kwa maumbo matatu yanayoitwa kwa namba 1, 2 na 3, kuanzia chembamba hadi kipana, na wenzao wa kampuni ya CCM nao wana mgawanyo wao wa matatu. Viatu vya wadogo kabisa huwa na uchaguzi mchache zaidi, kwa hiyo wakati mwingine kubadilisha kampuni kunasaidia kuliko kubadilisha namba. Kina hupimwa kwa penseli: mguu ukiwa ndani, kamba zimelegea na ulimi umevutwa mbele, laza penseli kutoka tundu la tatu la kamba toka juu mpaka lile la upande wa pili. Penseli ikigusa mguu kabla ya kutua kwenye kingo zote mbili, kiatu ni kifupi kwa kina na kitaubana mguu juu. Ukishafunga kamba, tazama pia safu mbili za matundu. Zikikaribia kugusana, kiatu ni kipana mno kwa mguu huo. Zikiachana sana na kutawanyika kama mlango uliobaki wazi, ni chembamba.

Mwache akae navyo dakika kumi au kumi na tano, akizungumza na kusahau. Maumivu ya kiatu hayasemi mara moja. Ukivivua, tazama ngozi: wekundu uliosambaa na kupotea upesi ni wa kawaida, alama moja nyekundu iliyokolea mahali pamoja ni onyo.

Neno kuhusu ugumu wa kiatu, kwa sababu wazazi wenye mapenzi makubwa huponzwa hapa. Kiatu cha bei kubwa kabisa mara nyingi ndicho kigumu kabisa, kimetengenezwa kwa mchezaji mzito anayeruka na kusimama ghafla. Mtoto wa kilo 25 hawezi kukikunja. Mwambie apeleke goti mbele ya vidole akiwa amefunga kamba. Kiatu kisipomruhusu, atacheza amesimama kama mti, na mtu aliyesimama kama mti kwenye barafu huanguka kinyumenyume.

Baadhi ya viatu huweza kupashwa moto kwenye oveni maalumu ya duka, kwenye joto la nyuzi 80 hivi za Selsiasi, kisha mtoto akavivaa vikiwa na joto ili vishike umbo la mguu wake. Huo ni msaada mzuri kwa pembeni na kwenye kifundo. Haurefushi kiatu hata kidogo, kwa hiyo usishawishiwe kuchukua kifupi kwa ahadi ya oveni. Wala usijaribu jikoni kwako bila maelekezo ya mtengenezaji, maana si viatu vyote vinavyostahimili.

Kununua vilivyotumika ni uamuzi wa busara kwa miguu inayobadilika kila msimu, na sioni aibu yoyote ndani yake. Shika kifundo cha kiatu kwa mikono miwili ukibane ndani. Kikikunjika kama kitambaa, kimekwisha. Tazama ndani ya kisigino kama bitana imechanika, kisha tazama chuma kimebaki kimo gani, kwa maana kila kunolewa hukipunguza. Viatu vipya navyo mara nyingi hutoka kiwandani bila kunolewa, au vimenolewa kwa namna isiyotosha. Mtoto akipelekwa barafuni hivyo atateleza ubavuubavu siku nzima, na lawama zitarudi tena kwenye vifundo vyake.

Na kamba. Sehemu ya vidoleni ilegee kidogo, katikati ya mguu ikaze kiasi, na penye mkunjo wa kifundo ndipo ikaze hasa. Tundu la juu kabisa likikazwa mno, goti halipati njia ya kwenda mbele. Usizungushe kamba nyuma ya kifundo eti ili kukaza zaidi. Inabana damu na mishipa, na mtoto anayehitaji kuzungushiwa kamba ana kiatu kikubwa.

Kiatu kikishanunuliwa, usingoje mtoto aseme. Wengi hawasemi, hasa wanaoupenda mchezo, wanaogopa watakatazwa kucheza. Kila baada ya wiki nne au tano, wakati unatoa soli za ndani zikauke, tazama alama za vidole zilizochapwa juu yake. Alama zikifika ukingoni, rudia kipimo cha kusimama juu ya soli. Kisha avae, afunge, akunje magoti, na umuulize swali lilelile la dukani: vidole vimenyooka au vimekunjwa?