Kifafa kisichokata: mwako ndani ya ubongo

Bibi mmoja wa Dunda, Bagamoyo, alinishika mkono akiwa amempakata mjukuu aliyetoka wodini juzi yake. "Mwanangu, huyu kaanguka mara nyingi na huamka mwenyewe. Safari hii mbona haikukata?" Swali lake ndilo lililozaa haya mengine.

Kwani kifafa hukataje chenyewe?

Ubongo una breki zake. Kemikali iitwayo gaba hujishika kwenye milango ya seli za fahamu na kuzituliza, ndiyo maana mara nyingi mtu huanguka, akarusha viungo dakika mbili tatu, kisha akalala fofofo. Zikipita dakika 5 bado anakakamaa, au akianguka tena kabla fahamu hazijamrudia, breki zimeshindwa. Mwaka 2015 wataalamu wa kifafa duniani waliziweka dakika hizo 5 kuwa wakati wa kuanza tiba ya dharura. Kwenye dakika ya 30, madhara ya kudumu yanaweza kubaki.

Huo mwako unatoka wapi?

Nasema mwako kwa makusudi, maana nikisema uvimbe watu hufikiria jiwe linaloota kichwani. Ukichomwa na mwiba wa samaki, jioni kidole kimekuwa chekundu, cha moto, kinapwita. Hapo askari wa mwili wamefika kazini. Ubongo nao una askari wake, seli ziitwazo maikroglia. Degedege likiendelea hushtuka na kumwaga kemikali, mojawapo ikiitwa intalukini-1 beta. Hiyo huifanya milango ya kuchochea seli iingize madini ya kalisi (calcium) mengi zaidi, na seli iliyokuwa imechoka inawaka upya. Degedege linaleta mwako, mwako nao unalilisha degedege.

Ukuta unaotenga damu na ubongo nao huanza kuvuja, na vitu vya kwenye damu visivyotakiwa humo vinapenya. Wakati huohuo milango ya gaba inajificha ndani ya seli. Dawa za kukata degedege kama dayazepamu hufanya kazi kupitia milango hiyohiyo. Sindano ya dakika ya 6 na ya dakika ya 40 ni dawa ile ile, lakini ya pili inabisha hodi kwenye nyumba ambayo milango yake mingi imeondolewa.

Lakini wazee wanasema mtoto wa degedege akipigwa sindano hufa.

Nimelisikia hilo mara nyingi, na sicheki, kwa sababu waliolisema waliona kwa macho yao. Ila tazama mpangilio. Mtoto anakakamaa, anafukizwa kinyesi cha tembo, anaitwa mganga, saa nzima inapita. Anafika hospitali ubongo umeshaungua vya kutosha, na kitu cha mwisho anachofanyiwa ni sindano. Lawama inaishia hapo.

Mwako unaweza kutangulia kifafa?

Ndiyo. Malaria ya ubongo na homa ya uti wa mgongo huanza hivyo. Kuna pia mayai ya minyoo ya tegu wa nguruwe, nayo humpata hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote, maana hutoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu na kuingia kwa chakula, maji au mikono michafu. Kifuko cha mdudu kinaweza kukaa kimya ubongoni miaka. Siku kinapoanza kufa, mwili unakigundua, mwako unawaka, na mtu mzima anaanguka kwa mara ya kwanza.

Basi si tununue dawa ya kuzima mwako?

Hapana, tafadhali. Najua prednisoloni ni rahisi kuipata. Kwa vifuko vya tegu daktari anaweza kuitumia dawa ya aina hiyo, lakini utafiti uliochapishwa mwaka 1982 ulionesha kuwa wagonjwa wa malaria ya ubongo waliopewa ndugu yake, deksamethasoni, walichelewa zaidi kuzinduka. Kuna dawa iitwayo anakinra, inayoziba njia ya intalukini-1. Madaktari wameijaribu kwa wagonjwa wachache ambao kifafa chao kimekataa kila kitu, na hao huwa vyumba vya wagonjwa mahututi. Paracetamol hushusha homa tu.

Nyumbani nifanye nini?

Tazama saa kwanza. Mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko wala maji mdomoni. Ikifika dakika ya 5, bajaji iwe imeshaitwa. Na kama kifafa chake kinajulikana, vidonge asikose hata siku moja; kuviacha ghafla ni njia ya mkato ya kurudi wodini.

Bibi alicheka nilipofika kwenye saa. Ya ukutani iliishiwa betri tangu Ramadhani. Tukakitazama kitochi chake: saa ipo, pembeni juu, ila imepotea kwa masaa matatu. Haidhuru. Tutakazohesabu ni dakika.